Mama Mmoja Tu kwa Kila Mwanachama

Msinitajie pointi. Nasema mapema tusije tukakosana. Mtu akija mbele yangu na kadi inayong'aa, akaniambia, "Jiunge nasi dada, ukisafiri sana utasafiri bure," nitamjibu neno ambalo mama zangu hawakunifundisha. Na nimesema mama zangu, kwa wingi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mimi ni fundi wa lifti. Kazini wananiita Ghorofa, kwa sababu ya urefu wangu, na kwa sababu lifti ikikwama katika mji wowote ule, anayetumwa ni mimi. Nimekula mikate baridi ya ndege mpaka tumbo limezoea. Kiti changu ni kile cha nyuma kabisa, jirani na choo, mikono bado inanuka grisi, na anayekaa pembeni yangu anajikunja kama nitamchafua. Nilivumilia kwa sababu kila safari iliongeza pointi kwenye kadi yangu, mpaka ikageuka ya dhahabu. Haba na haba hujaza kibaba, nikajisemea. Wenzangu walibadilisha za kwao wakapewa mabegi na masufuria. Mimi nilikuwa na safari moja tu kichwani, nayo haikuwa yangu.

Ilikuwa safari ya Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu mzazi, na ndiye aliyenilea. Hakujaliwa mtoto. Nilipoachishwa ziwa tu, mama alinibeba akanipeleka kwa dada yake, akamwambia, "Huyu wako." Hakuna aliyeandikishana na mwenzake, hakuna aliyeitwa shahidi. Nimekua nikiwaita wote wawili mama. Wakiwa chumba kimoja nikapiga kelele "Mama!", waliitika wote, na aliyekuwa karibu zaidi ndiye aliyeninasa kofi kwa kupiga kelele.

Baadaye mama mzazi alihamia kwa kaka yangu, mbali, safari ya kupanda ndege mbili, niliyomlipia kwa pointi zangu za mwanzo, akalee wajukuu. Wale madada wakabaki kuongea kwa simu. Halafu Mama Mkubwa akapatwa na presha ya macho. Matone tulitia, upasuaji ulifanyika, pesa zikaenda na njia hiyo, lakini jicho moja lilizimika na la pili likaanza kumfuata mwenzake. Daktari hakutafuna maneno. "Kama kuna kitu anataka kukiona," alisema, "akione sasa."

Tuliporudi nyumbani nikamuuliza jikoni, huku namenya vitunguu ili nipate kisingizio cha machozi, "Mama, unataka kuona nini?"

"Uso wa mdogo wangu," alijibu papo hapo. "Sauti yake naipata kwenye simu, hiyo haina shida. Lakini uso sina. Kwenye simu yenu ya picha naona kidoa kinachoongea."

Basi. Nikasema pointi zangu zimepata kazi.

Wakati huohuo shirika la ndege likanitumia ujumbe wenye picha za maua: "Mpendwa mwanachama, tumeuboresha mpango wetu kwa ajili yako." Jamani, ukisikia shirika limeboresha kitu kwa ajili yako, shika mfuko wako. Zamani walihesabu pointi kwa umbali uliosafiri. Sasa wanahesabu kwa bei ya tiketi uliyonunua, maana yake wanaokaa mbele na kunyweshwa vitu baridi wanavuna, na sisi wa jirani na choo tunaambulia makombo. Safari ambayo pointi zangu zingeilipia na chenji ikabaki, sasa inazimeza zote. Tena mwisho wa mwezi pointi za zamani zinakufa. Hee! Pointi nazo zinakufa! Wala hawakuniita kwenye mazishi.

Nilikata tiketi siku ileile. Ikatoka vizuri, jina la Mama Mkubwa limeandikwa bila kosa. Naye akafunga sanduku mara moja, kana kwamba ndege iko mlangoni inapiga honi. Ndani aliweka kitambaa cha kichwa cha kumpelekea mdogo wake, akawa ananiuliza tena na tena, "Ni cha kijani kweli? Usinidanganye, yeye anapenda kijani." Nami kila mara nikaitikia, kijani.

Siku chache kabla ya safari simu ikalia. Ujumbe mwingine, safari hii bila maua. Tiketi imefutwa. Kadi yangu imesimamishwa kwa kosa la kuandikisha mama wawili. Nifike ofisini kutoa maelezo.

Nilisoma nikarudia. Nikakumbuka kwamba miaka ile nilipojiunga waliniambia niorodheshe familia yangu. Niliandika jina la mama mzazi, uhusiano: mama. Nikaandika jina la Mama Mkubwa, uhusiano: mama. Ningeandika nini kingine? Wala machale hayakunicheza. Na kompyuta yao ilikaa kimya miaka yote hiyo, inapokea safari zangu, inanitumia salamu za siku ya kuzaliwa. Leo waliposhika kanuni mpya ndipo imezinduka na kugundua kwamba mimi ni tapeli.

Nilitaka kwenda peke yangu, maana naujua mdomo wangu. Mama Mkubwa akakataa. Alishavaa viatu.

"Twende wote. Wakiniona wataelewa. Maneno ya kwenye kompyuta hayana macho, lakini mtu akikuona ana kwa ana, haya humshika."

Ofisi yenyewe ilikuwa na baridi ya kugandisha siagi. Juu ya kaunta kulikuwa na kijindege cha plastiki, na ukutani tangazo kubwa la baba, mama na watoto wawili wanacheka hadi magego, chini yake maneno FAMILIA KWANZA. Binti wa kaunta, skafu nyekundu shingoni, alipomwona tu Mama Mkubwa anapapasa kiti, aliruka kutoka alikokuwa.

"Shikamoo mama. Karibu mama. Kaa hapa mama, taratibu. Nikuletee maji, mama?"

"Marahaba mwanangu. Mungu akubariki."

Moyo wangu ukatulia. Nikasema mzee aliona mbali, haya imeshashika mtu. Kumbe wapi!

Binti alirudi kwenye kompyuta yake, akabonyeza, akakunja uso. "Dada, mfumo unaonyesha una mama wawili."

"Ndiyo. Ninao."

"Anayekubalika ni mmoja. Ni kanuni mpya. Mama mmoja tu kwa kila mwanachama. Na wewe mama ulishamsafirisha kwa pointi, alipohamia kwa kaka yako."

"Huyo ni mama yangu. Na huyu ni mama yangu."

Akamtazama Mama Mkubwa, akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha. "Samahani, inabidi niulize. Huyu ndiye aliyekuzaa?"

Mama Mkubwa alikuwa na mkoba mapajani. Akaanza kufungua kifungo chake na kukifunga, kufungua na kukifunga. Swali hilo ameulizwa maisha yake yote, na mawifi, na majirani, na watu wa harusini wasiomjua: una watoto wangapi, mama fulani? Aliacha kulijibu zamani. Sasa amelifuata mwenyewe kwenye baridi, kavaa nguo yake nzuri.

Damu ikanichemka. "Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kwenu hamkufundishwa?"

"Nimefundishwa, dada. Mfumo ndio haujafundishwa."

"Wewe kwenu huna mama mkubwa?"

"Ninaye."

"Unamwitaje?"

Binti akaitupia kompyuta jicho. "Namwita mama."

"Sasa?"

"Sasa, dada, mimi si kompyuta."

"Basi tangu tuingie humu ulikuwa unamwita mama wa nini? Shikamoo mama, kaa mama, maji mama! Kumbe ni mama wa kupewa maji! Akitaka kupanda ndege yenu anakuwa nani? Anakuwa mpita njia?"

Watu waliokuwa wakisubiri waliacha simu zao. Mlinzi akajisogeza kutoka mlangoni, akaniangalia nilivyo mrefu, akaona heri asimame hapohapo. Binti wa watu machozi yalimlengalenga. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikaona hasira yangu naipoteza bure, kwa sababu waliotunga kanuni hiyo hawakuwepo pale. Hao huwa hawapo. Wanamweka mtoto wa mtu kaunta apigiwe kelele, wao wako juu huko wanakunywa chai.

Akageuza kioo cha kompyuta nione. Orodha ilikuwa fupi: mume, mke, mtoto, baba, mama, ndugu wa kuzaliwa. Chini kabisa kulikuwa na mstari mwingine, wa wenye kadi ya dhahabu peke yao. Akaniinamia.

"Dada, nakusaidia tu. Wenye kadi yako wanaruhusiwa mtumishi wa nyumbani. Huyo haulizwi cheti, wala si lazima asafiri na wewe. Nikibonyeza hapa, kadi inafunguliwa na tiketi inarudi sasa hivi."

Ebo! Nilisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yangu. Kwamba katika akili za watu hawa, anayelipwa kumfuta mtoto pua ana nafasi ndani ya ndege, na aliyemfuta bila kulipwa hana! Kwamba waliketi mezani, wasomi na tai zao, wakawaza mahitaji yote ya mteja wao tajiri, wakamkumbuka hadi mfuaji nguo wake, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono akasema, jamani, na mama mkubwa je? Au wote walilelewa na friji?

"Mama, inuka twende," nikasema. "Nitakopa, nitakununulia tiketi ya pesa."

"Utakopa wapi? Macho haya ulishayakopea kila mahali." Hakuinuka. "Kaa chini. Hasira yako iweke mfukoni, mwanangu. Macho yangu hayana muda wa kusubiri ipoe."

Halafu akageukia sauti ya yule binti ilikotokea.

"Andika, mwanangu. Nimemfulia nepi, nimempikia, nimekesha naye akiugua surua. Mtumishi ni nani kama si huyo? Ila mshahara ndio sijauona mpaka leo."

Akacheka. Binti naye akacheka kwa kushukuru, huku anajifuta jicho na ncha ya skafu. Mimi sikucheka. Kidole cha binti kikabonyeza, mashine ikatoa karatasi, na Mama Mkubwa akaipokea akaikunja vizuri, akaiweka mkobani bila kuuliza imeandikwa nini. Ukutani ile familia iliendelea kucheka.

Kwenye ngazi za nje alisimama ghafla, kashika chuma.

"Usimwambie mdogo wangu."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba nakwenda kama nani."

Nikaahidi. Ningefanya nini?

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka mlango ambao asiye na tiketi havuki. Msaidizi wa uwanja wa ndege akaja na kiti cha magurudumu, akamfunika miguu vizuri, akamsukuma ndani. Mama Mkubwa aligeuka akanipungia mkono. Alimpungia mwanamke mwingine kabisa, mrefu kama mimi, aliyesimama pembeni. Yule mwanamke, Mungu ambariki, akampungia.

Kesho yake simu ilitoa mlio nikiwa sebuleni nafunga buti za kazi. "Mpendwa mwanachama wa dhahabu, mtumishi wako amefika salama. Je, umeridhika? Tupe nyota." Niliitupa simu kwenye kochi. Haijapoa, ikalia tena. Alikuwa mama mzazi, ananong'ona.

"Nani amemwandika dada yangu vile?"

Nilikuwa nimeahidi. Nikaokota buti ya pili.

"Nakuuliza wewe! Ametoka mlangoni anasukumwa kwenye kiti, na kadi imening'inia shingoni. Wamemvisha hukohuko ndani. Herufi nyekundu, kubwa, hata kipofu angeziona. MTUMISHI. Watu wote wanamsoma, na yeye anawasalimia, hamjambo wanangu, hamjambo, anatabasamu huku na huku."

Nikakaa chini na buti moja mguuni. "Amekuona lakini, mama? Ameuona uso wako?"

Sauti yake ikalegea. "Ameuona. Alinishika mashavu, akanivuta hadi dirishani penye mwanga, akanitazama mpaka nikaona aibu, na watu wanatupita. Halafu akasema, 'Umezeeka mdogo wangu. Tena umezeeka vibaya.' Tukacheka kama wasichana. Kitambaa amenifunga mwenyewe, palepale."

"Ni cha kijani," nikasema, kama nilivyokuwa nikimwambia yeye.

"Ni cha bluu. Usije ukamwambia."

Nikaapa sitamwambia. Alikuwa anapumua kwa nguvu kwenye simu, najua mama yangu akipumua hivyo ana jambo.

"Halafu akaishika ile kadi," akasema. "Akaipapasa, akaniuliza, 'Hebu nisomee, wameniandika nani hapa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini, mwanangu? Nilimwambia wameandika Mama."

"Akasema nini?"

"Alifurahi, sijapata kuona! Akasema, 'Nilimwambia yule mtoto. Nilimwambia wakiniona wataelewa.' Sasa amelala, na kadi amekataa kata kata nisimvue."