Maji ya Kuvu

Shemeji yangu Ekaale alifika akichechemea, akaketi mlangoni pa banda letu hapa Lodwar.

"Ejok, shemeji," akanisalimu. "Nipe hiyo dawa."

Kwetu Waturkana kuomba si aibu. Aibu ni mwombaji kuondoka mikono mitupu. Tena huyu ni ndugu wa marehemu mume wangu, na ndiye aliyenishika mkono kaburini.

Nilitazama mguu wake. Mwiba ulimchoma akichunga ng'ambo ya mto Turkwel, naye akabandika tumbaku aliyoitafuna. Sasa mguu ulikuwa umefura hadi kifundoni, unatoa usaha, na harufu ilinifikia kabla sijainama.

"Dawa gani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Usinichezee. Mji wote unajua. Wewe na yule binti wa Kisomali mnapika dawa ya vidonda na takataka za shamba."

Hakukosea sana. Mabua ya mtama yanayobaki mashambani baada ya mavuno tunayakatakata, tunayachemsha kwenye pipa, na yakipoa tunayatia kwenye chupa pana pamoja na mbegu ya kuvu. Kuvu huota nyeupe kama pamba, ikila mabua, kisha hutoa maji ya manjano. Hamdiya, binti aliyekulia kambini Kakuma na sasa anasoma chuo kikuu, huyadondosha kwenye visahani vyenye bakteria. Nimeona kwa macho yangu: palipoanguka tone, bakteria hufa, pakabaki duara safi. Mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba. Hamdiya akacheka, akasema yeye ameshasema alhamdulillahi, kwa hivyo Mungu amesikia pande zote mbili.

Lakini siku hiyo Hamdiya alikuwa Kakuma, na funguo nilikuwa nazo mimi. Nikampigia simu, nikamweleza.

"Mama Nawoi, usimpe," akasema. "Hatujajua kama inaua bakteria tu ama inaua na nyama ya mtu. Aende hospitali leo."

Ekaale alisikia yote. "Hospitali wanakata. Mwenzangu Ekidor alienda na miguu miwili, akarudi na mmoja. Mchungaji wa mguu mmoja atachunga nini, mawe? Nipe kidogo tu. Nikifa, nitamwambia kaka huko aliko kwamba si wewe uliyeniua."

"Wewe huwapa mbuzi mahindi yaliyoshika kuvu?"

"Nina wazimu? Watakufa."

"Hii nayo ni kuvu."

"Lakini yenu mmeifundisha," akajibu, akatabasamu huku ameuma meno.

Niliingia ndani, nikashika chupa mkononi. Nikimpa akapona, watu wataimba. Nikimpa, mguu ukaoza zaidi, nitakuwa nimemuua kwa huruma. Nikimnyima, nao ukakatwa, ataniona adui hadi kaburini. Nilisali, nisisikie sauti yoyote. Kilichonijia ni swali tu: huyu kweli anaogopa kisu tu?

Nikairudisha chupa, nikatoka.

"Mbuzi wako wako na nani?"

Akatazama chini. "Wako bomani, hawajanywa maji. Nikilazwa nani atawanywesha?"

"Mimi."

"Wewe? Mwanamke wa kanisa! Kisima cha mtoni utateremka na rozari?"

"Nitaivaa shingoni. Mikono itabaki mitupu ya kuchotea."

Mwisho akaninyooshea fimbo yake ya kuchungia, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimbeba, akaegemea bega langu hadi kwa bodaboda.

Siku zote alizolazwa niliteremka kisimani na mbuzi wake. Nikirudi nafungua banda, natazama zile chupa za manjano, nisijue kama nilitenda vema.

Hospitali walimwosha kidonda, wakakata nyama iliyokufa. Dawa ya kwanza haikufaa kitu. Daktari akasema bakteria wale wameshaizoea. Wakampa nyingine, nayo ikafanya kazi. Kidole kidogo kilikwenda. Mguu ukabaki.

Nilimkuta amekaa kitandani, anakula ugali.

"Shemeji," akasema, "na hii dawa ya pili, bakteria wakiizoea?"

Nikamsogezea kikombe cha maji.

"Basi mwambie yule binti wa Kisomali asichelewe. Mimi kidole kimoja nimeshatoa."