Makocha wa Mkabala na Kwetu

Nyumba ya kocha mkuu wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, iko mkabala na yetu, hapa Tallow Creek, Alabama, kwa hiyo makocha wote nimewaona wakihamia wakicheka na kuhama wamenuna. Aliyetia fora ni Mabry. Mume wangu Royce alimchezea ujanani. Mabry aliwakimbiza vijana kwenye jua la Agosti, wamevaa kofia ngumu na kinga za plastiki mabegani, na tone la maji hawapewi mpaka mazoezi yaishe. Akatwaa ubingwa, akachongewa sanamu. Waliomfuata walipigwa mechi baada ya mechi, wakatimuliwa.

Halafu akaja Swayze, mtu mpole, aliyepuliza filimbi kila mara vijana wakanywe maji. Mwanangu Corbin aliingia timu yake, nami nikapata usingizi. Lakini Swayze naye alipigwa. Hapa kwetu kocha akishindwa sana, watu humchomekea vibao vya NYUMBA INAUZWA mbele ya nyumba yake. Asubuhi moja nilifungua pazia nikaona vibao vimejaa kwenye majani yake, na mume wangu anavuka barabara kurudi, nyundo mkononi.

"Royce! Hata wewe?"

"Anawalea kama vifaranga! Sisi kwa Mabry tulikunywa maji lini? Tulikufa?"

"Si kuna mwenzenu alizimia mkamkimbiza hospitali?"

"Na Jumamosi akacheza!" alijibu, tena kwa fahari.

Mke wa Swayze alitoka na gauni la kulalia akaving'oa mwenyewe. Nilishindwa kumtazama.

Akaletwa Kessler. Siku ya kwanza tu aliondoa madumu ya maji uwanjani, na mji mzima ukachekelea kwamba Mabry amerudi. Corbin akawa anarudi nyumbani midomo imepasuka. Mimi roho juu.

"Mwambie kocha umechoka, mwanangu."

"Mama, ukisema umechoka unakaa benchi. Halafu baba nitamtazamaje?"

Nikamgeukia Royce palepale mezani. "Mtoe mtoto kwa yule mtu. Atamuua."

"Nimwaibishe mbele ya wenzake? Mwache akomae, mke wangu."

Corbin alianguka mazoezini wiki iliyofuata. Kessler na wasaidizi wake wakadhani anatega, wakamwacha chini huku wakimfokea ainuke. Nilipofika hospitali nilimshika mkono, ulikuwa bado wa moto, na mwanangu alikuwa ameshakufa.

Royce alilia mpaka nikamwogopa. Nikadhani sasa mji umeelewa. Lakini msimu ulipoanza Kessler alishinda, akashinda tena, na kwenye majani yake hakikuchomekwa kibao hata kimoja.

Chuo kikatualika uwanjani kumkumbuka Corbin kwa dakika moja ya kimya. Sikutaka kwenda, Royce akanibembeleza. Uwanja mzima ulivua kofia. Royce aliniegemea begani akilia, nami nikamshika kiuno, nikahisi hasira yangu juu yake inalegea.

Filimbi ikalia, mchezo ukaanza. Mara kijana wetu mmoja akachomoka na mpira kwapani, akawapita wote, akafika nao mpaka mwisho wa uwanja, pointi zikawa zetu. Watu wakalipuka kwa kelele. Nikahisi bega langu limekuwa jepesi, nikainua macho. Royce alikuwa amesimama, mikono juu, machozi bado yako mashavuni.

"Huyo ndiye kocha!" alikuwa anapiga kelele. "Huyo ndiye kocha!"