Chupa za Dawa ya Pamba

Kabula alikuwa amepiga magoti nyuma ya mabanda ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, akichambua takataka kwa mikono mitupu: maganda ya miwa huku, makopo kule, chupa za maji kwenye kiroba. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kujitolea. Masunga, msimamizi wa usafi, alisema ajira ya ufagizi ipo moja tu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabula akainama. Miaka mitatu, hajainuka.

Gloria alikuja jana. Mpwa wa ofisa mmoja pale Bariadi mjini, glavu mpya, mabuti meupe.

"Shikamoo, mayu," Gloria alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba."

Aliitikia kwa sababu salamu hanyimwi mtu. Moyoni alikuwa na wivu, wivu mtupu wala si kingine. Aliomba mvua inyeshe, Agosti hii kavu, ili tu mabuti yale yachafuke.

Saa nne akamwona Gloria akitumbukiza kirobani chupa zilizotoka banda la pembejeo. Wataalamu walikuwa wamechanganyia humo dawa ya pamba, wakiwaonyesha wakulima vipimo. Kabula, aliyelima pamba kijijini Sapiwi tangu usichana, aliutambua ule weupe uliobaki chini. Na chupa hizi kinamama wa sokoni huzinunua kutilia maziwa. Alifungua kinywa, akakifunga. Acha aumbuke.

Masunga alipofungua kiroba, harufu ilimrudisha nyuma.

"Nani kachanganya sumu humu?"

"Mimi," Gloria alisema. "Sikujua."

"Wewe mgeni, ungejulia wapi?" Akamgeukia Kabula. "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza! Watoto wa watu wangekufa. Halafu unataka nikupelekee jina?"

"Bosi, miaka mitatu nafagia bure."

"Ajira amepata Gloria. Umejiharibia mwenyewe, mama."

Akampa Gloria barua ya ajira. Kabula alijua kusoma. Jina la binti lilikuwa limeshapigwa chapa, na tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Mwelekeze kazi kwanza," Masunga alisema, "ndipo uondoke."

Kabula akamwaga kiroba chote chini. Akafungua kizibo cha kwanza, akaisogeza chupa karibu na pua ya Gloria.

"Hii?"

"Sumu."

"Na hii?"

"Maji."

Wakaenda hivyo, chupa kwa chupa, mpaka binti akawa hakosei tena.