Ngazi ya Ndani

Migori ilipopewa wilaya yake, kila mwenye suti alitaka kutujengea mji. Wetu tuliuita Mji Mpya: safu ya maduka kando ya barabara ya Isebania, mbali kidogo na soko la zamani, duka chini na nyumba ya kuishi juu. Aliyeuchora alikuwa Tony, kijana wa Nairobi mwenye viatu vyeupe, na hadi leo nikisikia mtu anamsifu mkono wangu unatafuta kitu cha kurusha.

Mimi ni Rael, mama Jeff, muuza vitambaa. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mzee Gichana, Mkisii mwenye goti bovu, muuza misumari na mabati. Alifanya kazi na mwanawe Okari, na mke wa Okari aliitwa Moraa. Moraa alikuwa na kicheko cha kusikika hadi kwangu, na nilimpenda.

Siku ya kugawiwa maduka, Tony alitandaza ramani juu ya boneti ya gari lake. Mzee Gichana aliiangalia kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye ngazi. Ilianzia nyuma ya kaunta.

"Anayeenda juu anapitia hapa dukani?"

"Ndiyo, mzee. Familia ni moja, ngazi moja inatosha."

"Weka ingine nje. Mimi nitauzaje misumari na mke wa mtoto wangu anapita mbele yangu akienda kulala?"

Tony akacheka. "Ngazi ya nje itakula mlango wa duka. Hapa kila futi ya mbele ni mteja, mzee. Na nyuma ni njia ya lori."

"Kwake siingii. Hata nyumba iungue."

"Hiyo ni mambo ya kijijini. Hapa ni mjini."

Mimi ni Mjaluo, na kwetu pia wakwe wana mipaka yao, kwa hiyo sikucheka. Lakini ramani ikabaki ilivyo. Tulikuwa tumeshalipa.

Basi wakahamia, wakajitungia utaratibu. Mzee alilala kwenye chumba cha kukodi ng'ambo ya mto. Asubuhi alikohoa mlangoni, Moraa akapanda juu. Moraa akitaka kushuka aligonga sakafu kwa mwiko, na mzee akatoka kibarazani, akageukia barabara hadi apite. Tulimtania sana.

"Mzee, leo umefukuzwa tena?"

"Nimetolewa na serikali ya juu," alijibu, na Moraa akacheka huko alikokuwa.

Wateja walioahidiwa hawakuja. Akina mama waliteremka stendi na kununua hapo hapo soko la zamani. Nani atembee mpaka kwetu kwa ajili ya sindano? Mimi nilifunga duka na kurudisha vitambaa vyangu kwenye kibanda cha zamani. Ukiacha nyumba ya Mzee Gichana, waliobaki kwenye safu ile walikuwa Wasabato watupu, na Jumamosi hapakuwa na mtu.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa tisini na sita, mvua ikitishia. Okari alikuwa amepeleka mabati Magunga. Mimba ya Moraa ilikuwa kubwa, lakini siku zake hazijafika. Haya mengine mzee aliniambia mwenyewe.

Alisikia sakafu ikigongwa. Akatoka, akageukia barabara kama kawaida. Hakushuka mtu. Sakafu ikagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Akafikiri Moraa anaona haya kwa sababu yeye yuko karibu mno, basi akasogea mpaka ng'ambo ya mtaro, akaendelea kutazama barabara. Alisimama huko akimpa heshima yake, na mwiko ukiendelea kugonga.

Ndipo akasikia, "Baba!"

Akarudi mbio hadi chini ya ngazi.

"Baba, damu. Damu nyingi."

Aliweka mguu kwenye ngazi. Akautoa. Akaweka tena. "Subiri, mama," akamwambia, "nakuletea mwanamke." Akagonga kwa majirani, kwa Monari, kwa Nyarangi: makufuli tu, wote wako kanisani. Ndipo akakimbia na lile goti mpaka sokoni, kwangu.

"Mama Jeff, panda kwangu. Haraka. Mimi siwezi."

Nilimwacha barabarani nikakimbia. Nilimkuta Moraa amejiburuta hadi juu ya ngazi, mkono mmoja ukining'inia kwenye daraja la kwanza, mwiko bado umo mkononi. Alikuwa bado na joto. Nilimwita, nikampiga makofi ya mashavu, nikamtukana ili anijibu. Hakujibu, na mtoto alikuwa ameenda naye.

Tulimteremsha mimi na akina mama wa sokoni walionifuata, tukampitisha nyuma ya kaunta na kati ya madebe ya misumari. Ngazi ilikuwa nyembamba, tukamgonga bega ukutani. Mzee Gichana alikuwa kibarazani, amegeukia barabara. Nilimchukia siku hiyo, sitaficha, ingawa nilijua baba yangu mwenyewe angesimama pale pale.

Okari alifika jioni.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa chini."

Okari akapita nyuma ya kaunta, akapanda juu. Baada ya mazishi alihamia Magunga, na sijamwona hapa tangu hapo.

Mzee alinunua mbao akajenga ngazi ya nje, peke yake. Ilikula mlango wa duka, kama Tony alivyosema. Ilipokwisha hakuipanda. Alileta kiti akakaa chini yake, barabara ikiwa mgongoni mwake, macho yakiwa kwenye nyumba. Hasira zangu zilikuwa zimeisha, nikampelekea uji.

"Mzee, unangoja nini hapa?"

"Nyamaza kidogo, mama Jeff," akasema. "Nasikiliza kama anagonga."