Sauti Ndani ya Redio ya Luul

Aden alipobisha hodi kwa Oyoo jioni ile, hata kiti alikikataa.

"Jirani, unamtesa mke wangu."

Oyoo, karani wa ghala la kahawa pale Kisii, alishtuka. Vita vilimfundisha kazi ya mitambo ya mawasiliano, na tangu arudi, furaha yake kubwa ilikuwa kuwasha mtambo wake wenye leseni na kuita watu wa mbali.

"Luul amefiwa na mamake huko Hargeisa," Aden aliendelea. "Kinachomliwaza ni nyimbo za kwao redioni. Nawe unaingia humo humo: halo, halo! Jana alilia."

Oyoo aliona haya. Kosa alilijua. Antena yake ilitandazwa kati ya mikaratusi miwili, na katikati yake ulianzia waya mnene wa jeshi, uzi wa shaba ndani, wavu wa shaba kuuzunguka. Waya huo kazi yake ni kupeleka mawimbi juu, si kuyatangaza wenyewe. Lakini yeye, kwa uvivu, aliulaza sambamba na antena hadi ukutani kwa Aden. Mawimbi yakarudi kwa nje ya wavu, waya ukawa antena ya pili, karibu kabisa na redio ya Luul.

Kesho yake jioni aliuhamisha ushuke wima, mbali na ukuta. Akaita.

"Bado!" Aden alipaza sauti dirishani. "Umefifia tu."

Oyoo akapanda tena, mkewe Benter akishikilia ngazi na kunung'unika. Chini kidogo ya antena aliuviringisha waya mizunguko kadhaa, kama kata ya kubebea mtungi, ili kuyazuia yale mawimbi yanayorudi. Akaita tena.

Mara hii Luul mwenyewe ndiye aliyetoka.

"Umeshaita?"

"Nimeita, Mama Mariam."

"Nimemsikia mwimbaji peke yake. Kwani unamwita nani kila siku?"

"Mwenzangu wa Nyasaland, tulikuwa naye Burma. Aliahidi atatafuta mtambo kama wangu. Sijui hata kama yu hai."

Luul aliutazama ule waya kitambo.

"Basi usiache kumwita," alisema.

Jioni ile Oyoo hakuita tena. Yeye na Benter waliketi uani wakisikiliza, kutoka kwa jirani, nyimbo wasizozielewa.