Gari ya Kujiwasha

...na usiiache gari bila gia, marehemu mume wangu ndiye wa kwanza kuniambia hivyo, breki ya mkono ni ahadi ya mlevi, akisema, gia ndiyo kamba, na leo nimekalia kiti chake hiki hiki, usukani mbele yangu kama dereva wa maana, kumbe nimewekwa tu niangalie taa nyekundu, eti ikiwaka niwaambie, uzeeni nimekuwa mlinzi wa taa, na king'ora hicho cha gari, wiiu wiiu, tangu watoto watoke shule, hawa wajukuu wawili nyuma yangu wanasinzia wanashtuka, wanasinzia wanashtuka, kiatu huku soksi kule, na mkwe wangu kasimama mlangoni pa nyumba kashika rimoti kama kashika yai, anataka gari ijiwashe yenyewe huku yeye bado anafunga vifungo vya shati, uvivu gani huu jamani, mkono wa kuzungusha ufunguo umekufa ganzi?... "Fundi, imegoma tena!" "Subiri bosi, kuna waya unaleta ubishi"... waya unaleta ubishi, mbishi wewe, umeng'oa dashibodi yote, nyaya zimenining'inia magotini kama matumbo ya kuku, na fundi gani huyu asiye na koleo, anakuja kazini mikono mitupu kama mgeni wa harusi, wakaenda yeye na mkwe wangu kuazima kwa jirani, nusu saa nzima... nami asubuhi nilimwambia fundi, mwanangu, hii gari ya gia za mkono, marehemu alikuwa haiwashi mpaka akanyage klachi, akacheka meno yote nje, "Bibi, hayo ya enzi zenu, waya wa klachi nimeshauunganisha, siku hizi hakuna kukanyaga, tena mwizi akigusa breki tu inajizima," na mkwe wangu naye, "Mama, tumwache fundi afanye kazi yake," haya, nimewaacha, mjuaji hafundishwi, huachwa na ujuzi wake... "Nimeipata!" huyo sasa, "swichi ya boneti hii! Boneti ikiwa wazi gari inakataa kuwaka, naibana kwa kidole, wewe bonyeza nikikwambia," na kajipenyeza mbele, kati ya bampa na ukuta, namwona kwenye upenyo chini ya boneti, kiuno tu, mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari, tumbo limeingia ndani, hajala huyu tangu asubuhi, na mimi nilikunywa chai yangu mbele yake nikimtazama, sikumkaribisha, kwa sababu ya kicheko kile, shauri yake... mume wangu asingemnyima fundi chai hata angekuwa mwizi... angemwambia pia, kijana, usisimame mbele ya gari iliyo kwenye... iliyo kwenye gia... walipokwenda kuazima koleo iliserereka, ua huu una mteremko, hatua ya kuku tu, nikasema moyoni mafundi gani hawa, wameiacha bila gia, nikakanyaga klachi nikaingiza gia ya kwanza. Mkono wangu. Huu hapa. Na gari haidai tena klachi ikanyagwe, na swichi imebanwa kwa kidole, ikiwaka itaruka, na mbele ni tumbo lile na nyuma ya tumbo ni ukuta, yarabi, nilivyokaa hapa nawacheka, mjinga mwenyewe kakalia kiti cha dereva... "Tayari bosi, bonyeza!" "Ngoja!" nimesema, king'ora kimeimeza sauti yangu, ngoja, mguu, breki, si kasema mwenyewe breki inaizima, kanyaga, kanyaga bibi, goti lilie litakavyo... kliki. Kimya kwenye injini. "Imegoma!" "Mama, taa imewaka?" "Haijawaka, baba, mtoe kwanza huyo mtoto wa watu hapo mbele, gari iko kwenye gia!" mkwe anaweka mkono sikioni, hasikii, wiiu wiiu, "Bonyeza tena!" na akabonyeza tena, kliki, bonyezeni mpaka vidole viote sugu, haitoki hapa, na akitoka mwenyewe hapo mbele nitamwambia ni nani aliyeingiza gia, anicheke meno yote nje, halali yake, kisha chai, na mkate mzito... "Bibi, gari imepona?" huyo mdogo, macho mekundu. "Bado. Haya, lazeni vichwa, na wewe na mwenzako, mlale. Mguu wa bibi uko kwenye breki."