Shemeji Ndani ya Kabureta

Saa nne asubuhi fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki nyekundu. Bisibisi mbili na ufunguo namba kumi alivipanga juu ya kitambaa kama vijiko vya wageni. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevunjika robo saa iliyopita. Kilivunjwa kwa rungu na mwenye pikipiki, mkuu wa walinzi wa soko, ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari, ila si mbele yake.

"Hicho cha salamu," Msumari alikuwa amesema, akijimwaga kwenye benchi. "Chombo kinakohoa nikiingiza gia ya tatu, halafu kinazima. Juzi nilibakiza kidogo tu nimkanyage mshonaji. Leo kisizime. Una vidole tisa, vinakutosha."

Mshonaji alikuwa kibarazani kwake, ng'ambo ya barabara, anashona amekaa upande, miguu imeelekea uchochoroni. Kosa lake lilikuwa kusimulia alichokiona: Msumari akimfunga mume wa dada yake fundi kwa kamba nyuma ya pikipiki hii hii, na kumburuta mpaka machimbo ya kokoto. Tangu siku hiyo alikuwa akiwindwa. Kwa miguu Msumari hamuwezi. Tumbo lile halikimbizi hata kuku. Kwa hiyo pikipiki ikiwa imefunguliwa, mshonaji alishona kwa raha zake, na hata mluzi alipiga.

Fundi alifunga mafuta, akachomoa mpira wa mafuta, akalegeza skrubu za bakuli la kabureta. Humo mlikuwa na petroli vijiko viwili, vumbi la kokoto, na meno matatu ya mtu. Moja lilikuwa na kofia ya fedha. Fundi alilijua. Ndilo shemeji yake alilokuwa akilianika kwa kicheko kila alipoiba karata.

"Ni mimi," ilisema sauti kutoka kwenye koo la kabureta.

"Nimeona, shemeji. Hujambo?"

"Sijambo ya wapi, na meno unayo wewe? Sikiliza. Mimi ndiye ninayeizima. Huyu mshenzi akimkaribia mtu, naziba jeti, kile kitundu cha mafuta, kwa ulimi. Ukipatanisha mafuta na hewa, moto utanisukuma nje kwa bomba la moshi, sitaweza kuzuia kitu. Iache ikohoe."

Dada yake fundi alikuwa anaingia na chupa ya chai. Aliisikia sauti, akaweka chupa chini.

"Wiki tatu!" akasema. "Wiki tatu nakuwekea sahani, hata kumtuma mtu aje aseme umefia wapi?"

"Nilikuwa kazini, mke wangu."

"Kazini! Tangu nikuoe... tangu unioe, hujawahi kufanya kazi wiki tatu mfululizo."

Aliyakusanya meno, akayafunga kwenye pindo la nguo yake. Kisha akachana kitambaa cha kichwa akamfunga kaka yake kidole.

"Mwambieni anyamaze," Msumari alisema toka benchini. "Mimi na yeye tulishamalizana."

Fundi alishakata shauri. Jeti ilibidi aizibue kwa waya, maana Msumari aliichukua akaichungulia juani. Lakini skrubu ya hewa haichunguliki. Hiyo unaikaza mpaka mwisho, halafu unairudisha mzunguko mmoja na nusu. Fundi aliirudisha mmoja tu. Nusu ile alimwekea mshonaji.

Akapiga kiki. Pikipiki ikawaka kwa kuchechemea, ikapiga chafya, ikalalama. Msumari hakuona tofauti, akasimama avae kofia. Mambo yangeishia hapo.

Tatizo lilikuwa sikio la fundi. Miaka thelathini hakuna chombo kilichotoka kwake kinachechemea, na sasa sikio lilimwasha kama limeingiwa na siafu. Fundi alikuwa anamtazama mshonaji. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye skrubu. Robo. Robo nyingine. Mngurumo ukatulia, ukawa laini kama paka aliyeshiba.

Hapo bomba la moshi likaanza kusema, kwa sauti ya shemeji, tena bila kigugumizi: "Msumari aliniburuta mpaka machimboni. Alinipiga jiwe mara nne. Nimelala chini ya rundo la pili, karibu na mizani."

Mtaa mzima ulisikia. Mshonaji alikata uzi kwa meno, akakimbia.

Gia ya tatu iliingia bila kikohozi. Msumari alimpata kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Alimkanyaga, akarudi, akamkanyaga tena, kisha akashuka akamalizia kwa rungu yaliyolishinda gurudumu. Muda wote huo bomba la moshi lilikuwa likieleza, na hilo nalo likaliongeza mwishoni.

Machimboni hakwenda mtu. Watu walizoea. Pikipiki ikisikika kwa mbali inataja jiwe la nne, wanaita watoto, wanafunga madirisha. "Afadhali," walisema, "siku hizi inabisha hodi." Msumari naye aliifurahia, akang'oa honi. Kila alasiri pikipiki inapopita, dada yake fundi husimama mlangoni, akasema, "Nimesikia, baba," akammiminia mumewe chai, akainywa mwenyewe.

Mwezi haukuisha, pikipiki ikarudi inakohoa. Msumari alikaa benchini, rungu magotini. Fundi alifungua bakuli, akakuta subana ya mshonaji, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, imebonyea.

"Sogea kidogo, ndugu, tumebanana," ilisema sauti ya shemeji, iliyorudi tena kooni.

"Fundi," ikasema sauti ya mshonaji, "safari hii ziba masikio."

Fundi alitafuta pamba, akaziba yote mawili, akaishindilia kwa kidole. Akakaza skrubu mpaka mwisho, akairudisha mzunguko mmoja, akapiga kiki. Hakusikia kitu. Akafumba na macho, kwa usalama zaidi.

Lakini mtetemo ulipanda kwenye bisibisi, ukaingia kiganjani, ukachechemea humo. Robo. Robo nyingine.